Nilimficha mkwe wangu kiasi cha mkojo wangu, sasa nimekwama mbali na Rumonge

Wakuu, amahoro.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, mzee wa miaka sitini na moja, muuza mawese wa Rumonge, huku Burundi. Sehemu ya aibu sitairuka, maana ndiyo yenye funzo.

Mwaka jana nilihisi kitu kinadunda tumboni. Nikadhani gesi. Kipimo kikaonyesha mshipa mkubwa wa damu umevimba, unaweza kupasuka wakati wowote. Nikapelekwa Tanzania kwa oparesheni.

Mke wangu hana pasipoti. Binti yetu Zaina alikuwa amejifungua juzi tu. Aliyenisindikiza ni mume wake, Sudi, kijana ambaye mpaka leo hanitazami usoni tukiongea.

Oparesheni ikaenda vizuri. Walipotoa mpira wa mkojo, nesi akampa Sudi chupa na karatasi: kila nikikojoa, apime, aandike.

Wakuu, mkwe wangu apime mkojo wangu? Mimi?

Nikawa najikokota chooni peke yangu, nimeshika ukuta. Sudi akiuliza kwa mbali, "Baba, niandike ngapi?", namjibu, "Andika kama ya jana." Ukweli ni kwamba ulikuwa hautoki hata kijiko. Naye angenibishia vipi?

Siku ya pili nikavimba uso, pumzi ikabana. Figo zilikuwa zimegoma. Daktari alisema ziliumia tangu kwenye oparesheni, damu ilipozuiwa ili mshipa ushonwe. "Lakini mzee wangu, tungejua mapema zaidi. Karatasi yako imetudanganya."

Sudi alikuwa amesimama pale. Akainamisha kichwa, akabeba lawama yangu.

Sasa nakaa Bujumbura kwa mpwa wangu, maana mara mbili kwa wiki nawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Rumonge si mbali: unapita Kabezi, unapita Magara, umefika. Nilijaribu kwenda mara moja, mvua ikakata barabara, nikakosa zamu yangu, nikarudishwa nimevimba kama andazi. Tangu hapo sithubutu.

Nina hamu na nyumbani, wakuu. Harufu ya mawese yakichemka uani. Mke wangu akinigombeza kwa viatu vyangu mlangoni. Ziwa la kwetu nalionea hapa pia, ila si upande wangu.

Daktari anasema figo zinaamka polepole. Mkojo ukiongezeka na vipimo vya damu vikikubali, naweza kuachana na mashine. Basi napima mwenyewe, na kila asubuhi Sudi anapiga simu: "Baba, leo iko ngapi?" Namtajia, anampelekea jibu mama mkwe wake, yaani mke wangu. Kile nilichokificha, sasa nyumba nzima inakisubiri.

Somo langu: ukiwa wodini, aibu ya ukwe iweke pembeni. Sema kinachotoka na kisichotoka.

Mliowahi kuona figo zikirudi, ilichukua muda gani? Niandikieni hapa, nasoma yote.

Leo nimetaja mililita mia sita kwa siku nzima, nyingi kuliko siku zote. Mke wangu akachukua simu: "Basi nafua mashuka ya kitanda yako."

Nikamwambia asiharakishe, daktari hajasema kitu.

"Na hii mvua," akanijibu, "unazani mashuka inakauka siku moja?"