Barua ya Mzee Verlin

Marlena Yoder hakuwahi kukanyaga darasani. Mama yake alimsomesha kwenye meza ya jikoni, huko Missouri. Chuo cha ualimu kilipomtaka alete barua ya kumpendekeza kutoka kwa mtu asiye ndugu yake, hakubabaika. Alimwendea Mzee Verlin, fundi wa matrekta mwenye miaka sabini na moja, ambaye yeye Marlena alijitolea kumfundisha kusoma maktabani kila Jumamosi.

"Mjukuu wangu, mwandiko wangu huu kama kuku kachakura! Si watakucheka?"

"Wacheke, babu. Mwalimu wako ni mimi, na sina wasiwasi."

Mzee aliandika mistari sita, akakosea maneno manne. Marlena hakusahihisha hata moja. Mwezi Aprili chuo kilimkubali, na Verlin akawasomea barua ya chuo watu wote maktabani, kwa sauti.