Maziwa Kabla ya Maswali

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, ndugu yangu Abdi aliporudi malishoni na mbuzi wote isipokuwa yule mweupe mwenye mimba. Abdi alikuwa amepitiwa na usingizi kichakani, mbuzi akapotea. Nilimkuta amejificha nyuma ya zizi, macho yamemtoka.

"Nitasema fisi amemla," akaninong'oneza.

Alimwogopa adeer, ndugu wa baba, ambaye hakuwa na mzaha na mifugo. Fimbo tayari adeer alikuwa nayo mkononi.

Lakini ayeeyo, nyanya yetu, alikuwa ameshaona kila kitu. Mama yule! Mwembamba, sauti ndogo, na bado wanaume walinyamaza akikohoa tu. Unajua kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajanywa maziwa, hata awe adui. Basi akamketisha Abdi kwenye mkeka wa wageni, akammiminia maziwa ya ngamia, kisha akamgeukia adeer.

"Huyu ni mgeni wangu. Kaa chini, mngoje amalize."

Adeer akakaa. Abdi alikunywa polepole sana, mjanja yule, machozi yakidondokea kikombeni. Alipomaliza, akasema mwenyewe, "Ayeeyo, wallahi nililala."

"Umefanya vizuri kusema. Twende tukamtafute."

Mbuzi hakupatikana, na Abdi alipata adhabu yake: msimu mzima yeye ndiye aliyeteka maji kisimani. Hakulalamika.

Leo ni mzee kama mimi, anauza mbuzi hapa soko la mifugo Garissa. Mnunuzi akifika, Abdi hutangulia kumwambia, "Huyu jicho moja halioni." Vijana wanamcheka, lakini wateja wanamfuata hata kutoka Bute, mbali huko kaskazini. Namwonea fahari sana.

Nakwambia haya kwa sababu jana binti yako Hodan alipasua kioo cha simu yako, akasingizia paka. Paka wa watu, maskini, alikuwa amelala uani! Nawe ulikuwa umeshainua mwiko, na macho ya mtoto yalikuwa yale yale ya Abdi nyuma ya zizi.

Mwanangu, mtoto anayemwogopa mamake hukua akiogopa kila mtu, na woga huo humfuata hadi kazini na kwenye ndoa yake. Mwadhibu kwa kosa, usimwadhibu kwa kusema kweli. Mketishe, mpe maziwa, ndipo umuulize. Kama hakuna maziwa, hata chai inatosha.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba ambayo mtoto wako akikosea, ndiko anakokimbilia. Amin.