Nilivyoyaombea Mabua ya Mahindi

Ashukuriwe Mungu, anayetuvumilia hata sisi wazee wa kanisa.

Jirani yangu hapa Munkunyu, Biira, alikuwa akimuuguza mama mkwe wake, Masika. Siku moja nikitoka Bwera nikaona nyuma ya jiko lake tuta refu la udongo mbichi, naye Biira amesimama na jembe, anajifuta uso kwa leso. Wamemzika bibi wa watu bila kuniita! Nikavua kofia, nikapiga magoti, nikamwombea Masika pumziko la milele kwa sauti kubwa.

"Amina," ikajibu sauti nyuma yangu. Masika, na mkongojo wake! "Sasa mzee, unataka nilale humo na mabua ya mahindi?"

Biira alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa amekatakata mabua na maganda ya mbegu za migunga, akayashindilia shimoni, akayafunika yachachuke, yawe chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi.

Kiangazi kikaja. Ng'ombe wangu wakakonda, wa Biira wakajaza ndoo. Asubuhi moja akaniletea maziwa.

"Tumefukua lile kaburi, baba. Kunywa."

Nawe usomaye, Mungu akujalie jirani kama huyo.