Kambale wa Mama Mkwe

Muuza samaki wa mapambo pale Kabalagala alinidanganya huku akitabasamu, na mpaka leo nikipita mbele ya duka lake damu inanichemka. Nilimweleza vizuri: nina kobe wawili wa maji, wadogo kama kiganja, nataka samaki wa kukaa nao tangi moja. "Bosi, hawa wote ni wa maji," akasema. "Watazoeana tu." Akanipa samaki wekundu wenye mikia mirefu kama shela ya bi harusi. Kufika jioni mikia ilikuwa imenyofolewa. Asubuhi samaki wenyewe hawakuwapo.

Kobe simlaumu. Anakula kinachopita polepole mbele ya mdomo wake, hata mimi ningekula. Wa kulaumiwa ni mtu anayeuza asichokijua. Basi nikajifunza mwenyewe, kwa kuuliza na kwa kuharibu. Samaki wa kukaa na kobe awe mwepesi wa kukimbia, awe mpana kuliko mdomo wa kobe, asiwe na mwiba wa kumchoma anayemuuma, wala asiwe mlafi wa kuwageukia kobe wenyewe. Mwisho nikachukua ngege, yaani perege, samaki yuleyule anayeliwa Kampala nzima, wakiwa bado wachanga lakini wamenenepa, kwa mtu mwenye bwawa. Nikawawekea vipande vya bomba wajifiche, na kobe nikawa nawalisha kwanza. Wakaelewana. Nilikuja mji huu kutoka Bukavu mikono mitupu, nikaanza kuuza vitenge, na kobe hao nimewalea tangu wakiwa sawa na kifuniko cha soda. Nikirudi kutoka dukani navuta kiti mbele ya tangi, uchovu unaniisha.

Ndipo mama mkwe akaja kutibiwa mgongo hospitali ya Mulago.

Mke wangu ni Mganda. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Tena mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, ila hilo walilikunja kidogo, kwa kuwa kijiji chao kiko mbali na hospitali. Wakamtandikia sebuleni, kando ya tangi. Mimi nikawa mtu wa koridoni katika fleti yangu mwenyewe ya Bugolobi. Nikitaka kujua kobe wameamkaje, namuuliza mke wangu, kama mtu anayeulizia jamaa waliolazwa. Heshima si utumwa, nikajiambia, nikameza.

Jioni moja nafungua mlango, nasikia maji yanapigwa kwa nguvu sebuleni. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya matoke, uso unang'aa.

"Mama amekuletea zawadi. Ametuma sokoni, kambale mzima, bado hai. Amemtia kwenye tangi kwa mkono wake."

Kambale! Mdomo kama mfuko, na miiba miwili kwenye mapezi!

"Mtoe," nikasema.

"Zawadi ya mama nitaitoaje, naye amekaa hapo anaiangalia?"

"Basi atoke yeye, niitoe mimi."

"Mgongo umemkaza. Hawezi kusimama."

Sauti ya mama mkwe ikaja kutoka sebuleni, kwa Kiswahili chake cha Kampala, maana Luganda yangu inaishia sokoni. Alikuwa ananisikia kama nilivyomsikia, lakini alisema na binti yake. "Ambia yeye, samaki yake ilikuwa kidogo sana. Mwanaume mzima! Mimi nimeleta samaki ya heshima."

"Mwambie," nikamfokea mke wangu aliyesimama ubavuni pangu, "huyo samaki wa heshima atakula kobe wangu!"

"Ambia yeye, samaki haiwezi kula jiwe."

Mke wangu akacheka. Alicheka! Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Akachukua kikapu akashuka kununua nyanya, akatuacha na ukuta wetu katikati.

Kisha nikasikia kioo kikigongwa, mara moja, kishindo kizito. Nikaingia.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akageukia ukutani. Sikuomba radhi. Nilizamisha mikono yote miwili, nikamkaba kambale, mwiba ukanizama kiganjani nikapiga yowe, nikamtupa ndani ya beseni la kufulia. Ngege mmoja hakuwapo. Kobe mdogo nilimkuta amejibana nyuma ya bomba, mguu wa nyuma hauna vidole. Nilipomwinua aliingiza kichwa ndani akanificha uso, mimi niliyemlea. Nikalia kwa hasira, mtu mzima, mbele ya mtu asiyetakiwa hata kuniona.

Damu yangu ilikuwa inadondoka kwenye zulia.

"Ambia yeye," mama mkwe akauambia ukuta, kana kwamba binti yake yupo, "mwiba ya kambale ni mbaya. Aweke mkono kwa maji ya moto."

Sikugeuka.

"Mwambie," nikasema, "nimesikia."