Fundi wa Mabomba ya Sabuni

Fundi aliyekuja kutuchagulia mabomba ya kusafirisha sabuni ya unga hapa kiwandani haamini karatasi za vipimo mpaka aguse unga wenyewe. Unga huuweka kiganjani, huusugua kwa kidole gumba, kisha huupuliza polepole huku akiimbia puani. Siku ile alipopuliza, mimi ninayejaza mifuko nikashikwa na kikohozi. Wimbo ukakatika.

“Kaka, na nyumbani unakohoa hivi?”

“Mama watoto keshanihama, dada. Analala na wanawe.”

Meneja alitaka mabomba ya kupuliza, kwa kuwa yanasukuma mzigo mwingi. Fundi akang’ang’ania ya kufyonza: “Bomba likitoboka, litavuta hewa ndani. Vumbi halitoki.”

Yakafungwa ya kufyonza. Sijui nimshukuru vipi fundi yule. Jana mama watoto alirudisha mto wake kitandani.