Mkia wa Msafara

Mjomba wangu tunamwita Mkia, na wala si matusi, ndiyo kazi yake. Watalii wa baiskeli wakitoka mashambani kuelekea pwani, yeye huendesha nyuma ya yule wa mwisho ili asipotee mtu. Wote wakiwa na mbio, anashinda akila vumbi lao peke yake. Ndiyo maana huomba waje wazito.

Juzi dua ilijibiwa: mhasibu mstaafu, kitambi cha heshima, anahema kama mvukuto. Walipiga soga asubuhi nzima, mjomba akacheka mpaka akayumba.

"Kaka, nitakufia hapa," mhasibu akalalamika.

"Hufi, bwana. Badili gia kabla ya kilima, si katikati."

Akajaribu. Akakimaliza kilima bila kushuka. Kule juu bahari ikaonekana, na njia yote iliyobaki ilikuwa mteremko.

"Asante, Mkia! Tutaonana chini!" Akaachia breki, huyoo!

Jioni aliponisimulia, nikamwambia mjomba amejichimbia kaburi. Kwa nini amfundishe?

"Alikuwa anateseka, mpwa wangu."

Na Mkia hampiti mtu, wala hamkimbizi. Mteremko mzima alishuka taratibu, breki mkononi, bila wa kumsemesha.