Mkebe Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kliniki moja mjini Kitale, kifua kilikuwa kinamsumbua. Mbele yetu, kwenye dirisha la dawa, alisimama mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na minne hivi. Walipopewa mkebe wa vidonge, yule mama hakuutia mkobani moja kwa moja. Aliufungua, akatoa pamba mfukoni, akaishindilia juu ya vidonge, akafunga, kisha akautikisa karibu na sikio lake. Haukulia. Hapo ndipo alipoutia mkobani. Watu kwenye foleni walikuwa wameinamia simu zao. Mimi niliyejua anachofanya nilitafuta benchi nikaketi.

Nyanya yangu hakutumia pamba. Alitumia maharagwe.

Tulimwita Kukhu, kama nyanya wote wanavyoitwa huko kwetu, na boma lake lilikuwa nje kidogo ya soko la Kamukuywa. Wazazi wangu walikuwa wakulima mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale, na kila shule zilipofungwa nilipelekwa kwake. Kama ulikulia pande zile, unaijua Desemba bila mimi kukueleza. Mahindi yameanikwa kwenye turubai uani, vumbi lake linawasha shingo, na kazi ya mtoto ni kufukuza kuku kutwa nzima. Chai ilinukia moshi kwa sababu maziwa yalichemshwa kwenye kuni mbichi. Viazi vitamu tulivifukia kwenye jivu tukavila na maganda yake yaliyoungua, na mpaka leo viazi vya jiko la gesi mimi huviona vya wagonjwa.

Kwa Kukhu aliishi binti wa shangazi yangu marehemu. Nilimwita Dada. Alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi, na nilimfuata kila mahali hadi chooni. Yeye ndiye aliyenifundisha kupukuchua mahindi: unafungua mstari mmoja kwa kidole gumba, halafu unasugua iliyobaki kwa gunzi tupu. Mikono yake ilikuwa myembamba, lakini beseni lake lilijaa kabla ya la mtu mwingine yeyote. Akicheka alifunika mdomo, na alinicheka sana.

Mara moja kwa mwezi yeye na Kukhu walisafiri hadi Kitale na jogoo kwenye kikapu. Zahanati ilikuwa hapo chini tu, karibu kiasi cha kusikia watoto wakilia sindano, lakini muuguzi wake aliimba kwaya moja na jirani yetu, na kwa Kukhu hilo lilitosha. Majirani waliambiwa wanaenda kuuza jogoo. Jogoo yule yule alienda Kitale na kurudi mpaka akazoea safari, na hakuna aliyewahi kuuliza mbona hanunuliwi.

Mkebe wa dawa Kukhu aliufukia ndani ya kibuyu cha maharagwe ya mbegu, ghalani. Mahali pale palikuwa salama kuliko kabati lenye kufuli, maana mbegu haiguswi na mtu kabla ya mvua ya Machi, hata kama nyumba ina njaa. Saa moja jioni, redio ya jirani ilipoanza taarifa ya habari, Dada aliinuka akasema anaenda kufungia kuku. Nilimfuata siku moja nikamwona akimeza. Aliniambia ni dawa ya kifua na akisahau atakuwa mgonjwa sana. Nami nikajipa kazi. Kila jioni redio ilipolia nilimvuta sketi nikamnong'oneza, "Dada, dawa yako." Aliniita saa yake ya ukutani.

Ni lazima nikueleze watu wa wakati ule walivyoona mambo. Ukimwi wenyewe haukutajwa kwa jina. Walisema fulani amekanyaga waya, na sauti ikashuka. Mwalimu wetu alifundisha kwamba ni ugonjwa wa watu wenye tabia mbaya, akaendelea na hesabu. Basi msichana wa miaka kumi na minne akiwa nao, watu walijiuliza swali moja tu: alikuwa anatembea na nani? Kwamba mtoto angeweza kuzaliwa nao, akaubeba tangu siku ya kwanza kama anavyobeba sura ya mamake, hilo halikuingia akilini mwao. Kukhu aliwajua. Ndiyo maana jogoo alisafiri.

Siku ya kupukuchua wanawake wa jirani walikuja kusaidiana, kama ilivyokuwa desturi. Walikaa duara kwenye turubai, kikombe kimoja cha maji kikizunguka, hadithi zikizunguka nacho. Kwa kawaida walitawanyika mapema kwenda kupika. Siku hiyo wingu jeusi lilikuwa limejaa juu ya Mlima Elgon, wakasema tumalize kabla mvua haijafika. Dada alikuwa katikati yao, akipukuchua na kucheka, amesahau kabisa. Redio ikalia. Mimi nilikuwa ng'ambo, mbali na sketi yake. Nikaona asipokumbuka atakuwa mgonjwa.

Nikaita, "Dada, dawa yako!"

Mikono yote ilisimama. Alisikika mtangazaji peke yake.

"Ati dawa ya kila siku?" akauliza yule jirani wa kwaya. "Ya nini?"

"Si ni ya kifua tu," Kukhu akasema, lakini aliharakisha mno.

Jirani alikuwa na kikombe mkononi. Alikitazama, akamwaga maji yaliyobaki chini polepole. "Mimi sisemi kitu, mama. Lakini huyu mtoto si apewe kikombe yake."

Hawakupiga kelele wala kumtukana mtu. Walikung'uta makapi kwenye lesso zao, wakasema mvua inakuja, wakaenda. Mvua yenyewe haikunyesha. Mahindi yaliyobaki tulipukuchua sisi watatu kwa siku nne, na Jumapili kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa.

Dada hakunikaripia. Aliendelea kwenda ghalani redio ilipolia, na mimi sikuthubutu tena kumkumbusha. Asubuhi niliyorudi Kwanza alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono. "Wewe hukukosea," akaniambia. "Ukirudi Aprili, unikumbushe tena."

Sikujua kwamba alikuwa ananiomba kitu.

Shule zilipofunguliwa, alikalia dawati peke yake. Februari alianza kukohoa. Machi alilazwa Bungoma, na wiki hiyo hiyo mvua ikaja. Kukhu alirudi nyumbani siku moja tu ili apande, maana shamba halingojei. Alitia mkono kwenye kibuyu kuchota mbegu, mkono ukatoka na vidonge. Vilikuwa vimechanganyika na maharagwe, kutoka juu hadi chini, vya miezi mitatu. Kila jioni Dada alikuwa amefungua mkebe, akatoa kidonge, akakisukuma ndani ya mbegu, kisha akafunga ghala na kurudi kwetu. Kukhu alinisimulia haya Aprili, niliporudi. Nilirudi kwa mazishi.

Alivichambua kimoja kimoja kwenye ungo, kama unavyochambua mawe, halafu akapanda. Maharagwe yaliota vizuri. Tuliyala Agosti.

Kukhu hayupo sasa. Ghala liliporomoka, mahindi hupukuchuliwa na mashine inayokodishwa kijiji kizima, na jirani yule, akiwa mzee sana, alinikumbatia majuzi sokoni akaniuliza hali ya watoto wangu. Nilimjibu vizuri. Siku hizi mabango ya kliniki yanasema maneno yote waziwazi, na vijana wana vikundi vyao. Nafurahi, ni kweli. Lakini pamba niliiona kwa macho yangu.

Nilitaka kumfuata yule mama nimwambie atoe ile pamba, mtoto asikike. Nikakumbuka midomo yangu ndiyo iliyowahi kutoa siri, nikabaki benchini.

Nyumbani kwangu redio iko jikoni. Saa moja ikifika na taarifa ya habari ikianza, mwanangu amezoea kuniona nikiacha ninachofanya. Anadhani nasikiliza habari. Nageukia ukuta na kunong'ona, kwa sauti ambayo ningepaswa kuitumia jioni ile, Dada, dawa yako.